Baba mdogo alikuwa askari. Kuna kweli picha ya ubongo inayoonyesha mtu anayetaka kujiua?

Dada wa Katuba (Lubumbashi)

Nawasalimu wote. Naomba mnisome mpaka mwisho, kisha anayejua anijibu, hata kama jibu lenyewe ni baya.

Mimi ni fundi wa kushona, komini ya Katuba. Naishi na wanangu wawili na baba yangu mdogo. Baba mzazi alifariki nikiwa na miaka sita, na huyu mdogo wake ndiye aliyenilea, ijapokuwa kwa vipande vipande: mwezi mmoja yuko nyumbani, miezi minane yuko mbele. Alikuwa askari. Desemba 2000 alikuwa Pweto. Mji ulipoanguka alikimbia na wenzake wakavuka kuingia Zambia, akarudi nyumbani akiwa amevaa shati la mtu asiyemjua. Baadaye wakampeleka Kivu. Huko bomu likaanguka karibu na shimo walimokuwa. Wawili waliokuwa kushoto kwake hawakuinuka. Yeye aliinuka, damu ikimtoka sikioni, na sikio hilo mpaka leo halisikii vizuri. Pajani ana vipande vya chuma ambavyo daktari aliviacha mlemle. Baridi ya Juni ikifika anavisikia.

Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kelele, wa kuimba akinyoa ndevu. Tangu mwezi wa pili amebadilika. Halali. Anakaa kwenye kigoda karibu na lango mpaka Hiace za kwanza zianze kupita. Lutuku, ile pombe kali, ambayo zamani alionja kwenye matanga tu, sasa anainunua mwenyewe. Hayo ningeyavumilia. Lakini wiki tatu zilizopita alimpa mwanangu mkubwa saa yake ya mkono, ile aliyoinunua Kitwe, ambayo hata mimi nilikuwa sina ruhusa ya kuigusa. Radio yake akampa jirani. Kisha akaniita akanionyesha sanduku lenye karatasi za kiwanja, akanisomea moja moja. Jumapili iliyopita tulikuwa tunakula bukari na sombe, akasema taratibu, bila hasira: "Mwanangu, sasa muko wakubwa. Mutaweza bila miye." Watoto wakacheka, na mimi nikacheka nao. Usiku sikufumba jicho.

Jumanne, kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, ikaja habari kwamba Marekani wamepata mashine. Askari waliotoka vitani wanalazwa ndani yake, wanaonyeshwa maneno, na kompyuta inatambua nani anataka kujiua, kwa uhakika wa asilimia 91. Nilisoma habari hiyo mara tano. Kuna bwana mmoja anayesindikiza wagonjwa kuvuka Kasumbalesa, nikampigia. Akasema ng'ambo IRM, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, ipo, "ile ile ya Marekani", na pamoja na safari, kulala na karatasi za mpaka ni dola 650. Ninazo 200. Mwanamke mmoja wa soko la Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, yuko tayari kunipa 400 kwa mashine zangu zote mbili, ya kushona na ya kudarizi. Anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Swali langu ni hili. Je, habari hiyo ni ya kweli? Picha itaniambia? Na ikisema ndiyo, wanafanya nini baada ya hapo?

Mtauliza kwa nini simwulizi mwenyewe. Ni baba yangu. Ni mtu mzima, askari, na mimi ni mtoto ambaye yeye alimbeba mgongoni. Naogopa pia kwamba nikilitamka neno lile nitakuwa nimeliweka kichwani mwake. Nikaona afadhali mashine imwulize.

Jirani wa Kamalondo

Pole sana dada. Sina elimu ya mambo ya ubongo. Nasema tu: mashine za kushona ndizo zinazolisha nyumba hiyo, na yeye yumo. Akijua umeziuza kwa ajili yake, mzigo utaongezeka. Usimpe yule mama jibu kwanza. Watu wenye ujuzi watafika hapa.

Fundi wa Radio (Kampemba)

Dada, nimefika. Kazi yangu ni kupiga watu radio, yaani picha za mionzi hospitalini, mwaka wa kumi na tisa huu. Mitano kati ya hiyo niliifanyia Afrika Kusini, kwenye chumba cha IRM, kwa hiyo nakuambia vitu nilivyovishika kwa mikono.

Kabla ya ubongo nizungumze juu ya paja. IRM ni sumaku. Ile ya kawaida ya hospitali, ya Tesla 1.5, ina nguvu kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia hii tunayoikanyaga, na haizimwi mgonjwa akiingia. Chuma kilicho ndani ya nyama kinaweza kuvutwa au kupata moto. Kikiwa jichoni, mtu anaweza kupofuka. Askari wa zamani ndio tuliokuwa tukiwahoji kuliko wote: ulipigwa wapi, walitoa nini, waliacha nini, na tukiwa na shaka tunapiga radio kwanza. Huyo bwana wa Kasumbalesa alikuuliza kama baba ana vyuma mwilini? Kama hakuuliza, hajui anachokiuza.

Sasa hiyo asilimia 91. Naijua ilikotoka. Ni utafiti wa Pittsburgh, Marekani, wa Marcel Just na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017. Waliwalaza watu kwenye IRM ya aina inayofuatilia damu: sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka pale, na mashine huona tofauti hiyo. Wakawaonyesha maneno, kama kifo, ukatili, sifa, wema. Kompyuta ikajaribu kutenganisha wenye mawazo ya kujiua na wasio nayo, ikapatia 91 kwa mia. Lakini hao mia hawakuwepo. Walikuwa watu 34: 17 wenye mawazo hayo na 17 wasio nayo. Tena walikuwa vijana wa kawaida, sio askari. Watafiti wengine walipokagua hesabu waliona kasoro katika namna ya kuchagua vipimo vilivyopewa kompyuta, na mwaka 2023 makala yenyewe iliondolewa. Kompyuta ilikuwa kama mwanafunzi aliyeonyeshwa maswali kabla ya mtihani. Habari za kufutwa hazisafiri kwenye WhatsApp.

Usifikiri kwa hiyo kwamba wote wanadanganya. Kuna watu makini wanaoifanya kazi hii, na wana sababu: mwaka 2022 peke yake Marekani ilipoteza askari wa zamani 6,407 kwa kujiua. Salt Lake City, chuo kikuu cha Utah, Deborah Yurgelun-Todd na wenzake waliwapiga picha askari waliorudi na majeraha madogo ya kichwa. Waliangalia nyuzi nyeupe za ubongo, zile zinazounganisha sehemu moja na nyingine kama waya za umeme, wakaona kwamba katika fungu moja la nyuzi hizo kuna tofauti inayokwenda pamoja na mawazo ya kujiua. Walikuwa askari chini ya 20. Boston wanawafuatilia kwa miaka askari waliopigana baada ya 2001. Kwa kuwa walikuwa wamewapiga picha mapema, baadhi yao walipojaribu kujiua baadaye, watafiti walirudi kwenye picha za kabla. Wakakuta mawasiliano ya amigdala ya kulia, kijisehemu kinachoshughulika na hofu, yalikuwa tofauti hata kabla ya tukio. Hiyo ilinisimamisha nywele niliposoma. Na Yale, mwaka 2019, kwa PET, picha ya aina nyingine inayotumia mionzi, waliona kwa watu wenye kiwewe na mawazo ya kujiua kwamba kipokezi kimoja cha ubongo kimezidi. Siku moja huenda dawa ikatengenezwa kwa ajili yake.

Mwaka 2020 Lianne Schmaal na wenzake walikusanya tafiti 131 za picha, zenye watu zaidi ya 12,000. Wakaona maeneo mawili yanajirudia. Moja liko chini nyuma ya paji la uso, panapohusika na maumivu ya moyo na jinsi mtu anavyojiona. Jingine liko juu yake, panapofanya kazi kama breki ya maamuzi. Hapo ndipo elimu ilipofika.

Tatizo ni hili, na wewe fundi utalielewa haraka kuliko madaktari. Pima viuno vya wanawake mia wa Katuba na mia wa Kamalondo. Huenda ukakuta wa Katuba, kwa wastani, wamezidi nusu sentimita. Ni kweli, umepima, huna uongo. Kesho mteja mmoja akiingia mlangoni, unaweza kumpima kiuno ukamwambia anatoka komini gani? Picha hizi ni za namna hiyo. Zinasema juu ya kundi na kundi. Juu ya baba mdogo peke yake hazisemi.

Na hata tungekuwa na mashine ya 91 kweli. Chukua askari wa zamani 1,000, tuseme watano kati yao wako hatarini mwaka huu. Mashine itawaona wanne au watano. Lakini katika wale 995 waliobaki itakosea tisa kwa kila mia, yaani karibu watu 90 wataambiwa wanataka kujiua na sivyo. Na yule inayemkosa ataambiwa yuko salama, familia itarudi kulala. Huyo ndiye ninayemwogopa mimi. Ukirudi kutoka ng'ambo na karatasi imeandikwa "ubongo wa kawaida", na itaandikwa hivyo, dada, utafanya nini na saa aliyompa mtoto?

Kichwa chake kuangaliwa ni jambo jingine. Alipigwa na mlipuko, sikio lilitoa damu. Kama anaumwa kichwa kila siku, anaanguka kifafa, au anasahau njia ya nyumbani, daktari anaweza kuomba skaneri (mashine ya mionzi) au IRM kutafuta damu ya zamani au uvimbe. Lakini daktari ndiye anayeomba, baada ya kumshika na kumsikiliza.

Usiuze.

Dada wa Katuba

Fundi, nimekusoma nikiwa nimekaa chini. Hakuuliza juu ya vyuma. Nilimwambia mwenyewe kwamba alikuwa askari, hakuuliza.

Nimemwambia mama wa soko la Kenya asubiri. Lakini sasa nimebaki bila kitu. Kama mashine haiwezi kuniambia, nani ataniambia?

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Dada yangu, yeye ndiye atakayekuambia. Naandika haraka kwa sababu uliyoyasimulia hayasubiri: saa, radio, karatasi za kiwanja, "mutaweza bila miye", usingizi, pombe. Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili, na ungeniletea hayo zamu ya usiku ningeacha chai mezani. Sisemi atajiua. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 365 za miaka 50 wakaona kwamba uwezo wetu wa kubashiri umezidi kidogo tu bahati nasibu. Ndiyo maana hatungoji uhakika. Tunakwenda.

Hofu yako ya kulitamka neno ni hofu ya kila familia ninayoipokea. Imechunguzwa mara nyingi: kumwuliza mtu kama anafikiri kujiua hakumwekei wazo hilo. Kama halikuwepo, atakushangaa na mtaendelea kula. Kama lilikuwepo, amekuwa akilibeba peke yake, na wewe umemsogelea. Uliza kwa neno lenyewe. Ukisema "baba, uko sawa?" atajibu "niko sawa" na mlango umefungwa. Sema: "Baba, nimeona umempa mtoto saa. Unafikiri kujiua?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi. Usijibu haraka, usimwambie ni dhambi, usimhesabie watoto anaowaacha. Mwache amalize.

Akisema ndiyo, usimwache peke yake siku hiyo. Silaha yoyote iliyobaki nyumbani itoke, ikae kwa mtu mwingine. Dawa za panya na za mashamba pia, na vidonge vyote vikae kwako. Lutuku isiingie. Lubumbashi mna bahati: Mabruda wa Upendo wana kituo chenu cha magonjwa ya akili, Joseph Guislain, kama sisi Bukavu tulivyo na SOSAME na watu wa Goma walivyo na Tulizo Letu. Nenda naye wewe mwenyewe, ukae naye kwenye benchi. Usimpe nauli na kumwambia aende. Usiku ukiwa mbaya, nendeni hospitali yoyote yenye zamu.

Niongeze mawili kwa sababu uliuliza wenzetu wanafanya nini baada ya picha. Huko Marekani, katika vyumba vya dharura 5 vya hospitali za askari wa zamani, walijaribu kitu cha karatasi, wakavilinganisha na vyumba 4 vingine visivyokuwa nacho. Mwuguzi anakaa na mgonjwa wanaandika pamoja: dalili gani huanza kabla ya mawazo mabaya, nikizisikia nafanya nini, nampigia nani, nani wa pili, kitu gani cha hatari kiondoke nyumbani. Kisha wanampigia simu nyumbani kuuliza hali. Majibu yalitoka 2018, watu 1,640 kwa jumla. Waliopata karatasi na simu, matendo ya kutaka kujiua yalipungua kwa asilimia 45 wakilinganishwa na wengine. Karatasi hiyo naweza kuiandika mimi hapa Kadutu kwa bic.

La pili nalipenda mno. Daktari Jerome Motto wa San Francisco aliwahi kuwa askari katika vita ya pili ya dunia, na huko msichana aliyemfahamu kidogo tu alikuwa akimwandikia barua. Hakusahau zile barua zilimfanyia nini. Alipokuwa daktari wa akili alichukua watu 843 waliokataa kuendelea na matibabu baada ya kulazwa, akawagawa mafungu mawili. Fungu moja likaandikiwa barua fupi kwa miaka mitano: ni muda tangu tuonane, tunatumaini hali ni nzuri, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Hakuna deni ndani yake, hakuna "njoo hospitali". Katika miaka miwili ya kwanza waliopata barua walijiua wachache kuliko wengine. Mimi huwapigia wagonjwa wangu kwa salio langu, Jumatano mchana, na wengine nasema nao dakika moja tu.

Ukishamwuliza, tuandikie. Hata usiku.

Demobilize wa Ndosho (Goma)

Dada, mimi niliacha bunduki 2005, wakati wa CONADER, ule mpango wa serikali wa kurudisha askari uraiani. Sitaki kuandika mengi. Muuguzi amesema vizuri, lakini naongeza vile sisi tulivyo.

Usimwulize mbele ya watoto. Usimwulize akiwa na kikombe mkononi. Na usimkalishe kwenye kiti ukamwangalia usoni, maana askari akiangaliwa usoni anajibu kama mbele ya komanda: hakuna shida. Mupe kazi ya mikono. Muulize mukifanya kazi wote wawili, kila mutu macho yake kwenye kazi.

Mimi aliyeniuliza ni fundi baiskeli hapa Ndosho. Nilikuwa nimemushikia gurudumu anyooshe spoki. Akasema, "Wewe unataka kufa, sivyo?" Akaendelea kunyoosha. Nililia mpaka gurudumu likanitoka. Alikuwa mutu wa kwanza kuniuliza tangu nitoke jeshini, na familia yangu ni kubwa.

Wale wawili wa kushoto kwake, anawataja majina? Kama hawataji, hapo ndipo panapouma. Sisi wengi tunajiuliza kwa nini ni wao. Hakuna mashine inayoona hiyo.

Dada wa Katuba

Ni Jumanne. Naandika kuwapa habari, na samahani kwa kunyamaza siku nne.

Jumamosi nilikuwa na unifomu za shule kumi na mbili za kumaliza. Watoto niliwapeleka kwa shangazi yao Ruashi tangu asubuhi. Nikamwomba baba anishikie kitambaa upande wa pili wa meza nikate, maana peke yangu kinateleza. Akashika. Bado ana mkono wa askari, kitambaa hakitikisiki. Nilikata sketi ya kwanza, nikakata ya pili, ulimi umenishika. Kwenye ya tatu nikasema, macho kwenye mkasi: "Baba, umempa mtoto saa. Unafikiri kujiua?"

Hakujibu. Nilisikia mafundi magari wa jirani wakigonga bati. Nilitaka kusema kitu, chochote, nikakumbuka Muuguzi. Nikakata mpaka mwisho wa chaki.

Akasema: "Ndiyo. Kila siku, karibu na saa kumi ya usiku." Ndiyo maana anakaa langoni. Anasema akikaa langoni anaona watu wanapita, anasubiri Hiace, ikipita ya kwanza anajua siku hiyo imepita pia.

Miezi yote ile nilidhani anakaa pale kwa sababu hataki kuwa nasi.

Demobilize, aliwataja. Mmoja alikuwa wa Kabalo, mwingine wa Likasi, na huyu wa Likasi alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba ndiye aliyemwambia asogee kushoto apate nafasi ya kunyoosha mguu. Sikuwahi kusikia habari hiyo maishani mwangu. Aliishika ile sketi muda wote akisimulia, hakuiachia, na mimi nikaendelea kupitisha mkasi mahali ambapo nilikuwa nimeshakata.

Usiku huo nililala sebuleni, mkeka karibu na mlango, na saa kumi nikatoka nikakaa naye langoni. Bunduki hana, aliirudisha. Dawa ya panya nimempa shangazi. Vidonge vyote viko ndani ya kopo la vifungo vyangu, na kopo linalala nami.

Jana tulikwenda Guislain. Tulipanda Hiace mbili, akachagua dirisha. Kwenye benchi tulikaa saa tatu. Mara mbili alisimama aondoke, mara mbili nikasimama naye bila kumshika, akakaa tena. Daktari alimwuliza juu ya mlipuko, sikio, usingizi, lutuku, na alimwuliza lile neno kama nilivyomwuliza mimi. Baba akamjibu vilevile, bila kunitazama. Amepewa dawa, nazitunza mimi, na tunarudi Jumatatu. Walitaka kumbakiza; akaomba alale nyumbani, daktari akanitazama muda mrefu, akakubali kwa sharti kwamba asiachwe peke yake na kwamba ndugu zangu wawili wapokezane nami usiku. Wameanza leo.

Karatasi ile ya Muuguzi tumeiandika nyuma ya kipande cha patroni. Kwenye mstari wa nani ampigie kwanza aliandika jina la mwanajeshi mwenzake wa Pweto anayekaa Kipushi, ambaye hawajaonana miaka sita. Namba tuliipata kwa mke wake. Anakuja kesho.

Mashine zangu ziko hapa, mojawapo inalia mafuta.

Fundi wa Radio, nakuuliza wewe. Daktari anasema maumivu ya kichwa ya upande wa kushoto huenda yakahitaji skaneri baadaye, na ameuliza kama kuna radio yoyote ya zamani ya lile paja. Ipo moja, ya miaka mingi, imekunjwa mara mbili na upande mmoja umekuwa wa njano. Bado inafaa, au apigwe nyingine?

Fundi wa Radio (Kampemba)

Kwa skaneri chuma cha pajani si kizuizi, haina sumaku. Ni IRM tu. Ile ya zamani usiitupe, vyuma vikionekana daktari atajua ni vingapi na viko wapi. Ikunjue, iweke chini ya kitu kizito kisicho na joto, nenda nayo Jumatatu ndani ya bahasha kubwa. Na andika kwa herufi kubwa juu ya kitabu chake cha hospitali: ANA VYUMA MWILINI, PAJA LIPI, TANGU MWAKA GANI. Akipelekwa popote siku moja, wataona kabla ya kumlaza kwenye sumaku.

Msalimie. Mwambie kuna mtu Kampemba anayeuliza hali yake.